UZI: Kurudisha sura ya kisu cha jikoni kilichojaa mikwaruzo

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Kigoma.

Kazi yangu ni kunoa na kurekebisha visu hapa Mwanga. Wateja wangu wengi ni mama lishe, wenye bucha, na wachache wa hotelini. Wanalipia makali, lakini siku hizi makali yanakuja na ombi la pili: "Fundi, nitolee na hii mikwaruzo." Ukikitazama kisu unakuta mwenyewe alishaanza kazi nyumbani. Kasugua kwa stilwaya, ikaja majivu, ikamalizia dawa ya meno. Bapa zima limepauka na michirizi inakwenda kila upande.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mtakaobishana mbishane vizuri: kisu cha kazi hakihitaji kung'aa kama kioo. Kinahitaji mistari yake ielekee upande mmoja. Chukua kisu kipya cha dukani, kigeuzegeuze dirishani, utaona bapa lake limejaa mistari myembamba iliyoachwa na mikanda ya msasa kiwandani. Kile ni chuma kilichokwaruzwa kwa mpangilio. Mkwaruzo unakukera kwa sababu umekatisha mistari hiyo. Kwa hiyo kurudisha sura ya kisu ni kupunguza chuma hadi mkwaruzo uishe kina, kisha kuichora mistari upya ilivyokuwa.

Kabla ya msasa tuseme mikwaruzo inatoka wapi, maana huku kwetu chanzo kikubwa kiko chini ya miguu. Nenda Kibirizi au Katonga asubuhi boti zikiingia, uangalie visu vya kupasulia migebuka vinavyooshwa: vinachomekwa mchangani, vinasuguliwa, vinasuuzwa ziwani. Damu na magamba vinatoka kweli. Lakini mchanga ule una kwatzi nyingi, na kwatzi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, wakati chuma cha kisu kiko kwenye 5.5 hadi 6.5 hivi. Kigumu humchora laini, hakuna dawa ya hilo. Ukiacha mchanga, kuna zile sponji zenye upande mgumu wa kijani, kuna droo ambamo visu, uma na kikwangulio cha nazi vimelala pamoja, na kuna kuteleza wakati wa kunoa, pale mtu anapolaza kisu mno na bapa likagusa kinoo badala ya makali.

Stilwaya nayo ina kosa la ziada. Nyuzi zake ni chuma cha kawaida. Ukisugulia kisu cha stenlesi, vipande vidogo vinanasa kwenye bapa, vinapata unyevu, vinashika kutu. Kesho yake mtu anaona vidoa vya kahawia na kuanza kumtukana mwenye duka kwamba kamuuzia feki. Kisu hakina kosa, kilichoota kutu ni stilwaya.

Sasa kazi yenyewe.

Msasa unaotakiwa ni ule mweusi wa maji, wanaoutumia mafundi rangi wa magari. Maduka ya spea na ya vifaa vya ujenzi wanao. Msasa wa mbao, ule wa kahawia wa namba 80 au 120, uacheni huko huko kwa maseremala. Utafuta mkwaruzo mmoja na kuchimba mia.

Zungushia makali utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, tabaka mbili. Usiseme "mimi mzoefu". Kisu kikatie kitunguu, kisikate kiganja. Kilaze juu ya ubao ulionyooka pembeni ya meza, mpini uning'inie nje ili bapa lilale lote. Ukiwa na klampu ndogo kibane, weka kitambaa katikati. Kisha msasa uzungushie kipande cha mbao kinachoingia mkononi. Usisugue kwa vidole vitupu. Vidole vinabonyea na vinachimba mabonde, na mabonde yataonekana ukimaliza, hata kama sasa huyaoni.

Namba ya msasa ikiwa ndogo msasa ni mkali, ikiwa kubwa ni laini. Namba ya kuanzia uulize ukucha. Upitishe juu ya mkwaruzo. Ukipita bila kukwama, anza na 600. Ukikwama kidogo, anza na 400 au 320. Lowesha kwa maji ya sabuni. Sabuni yetu ya mawese inatosha kabisa, kazi yake ni kuubeba unga wa chuma usizibe msasa. Ukikaukia, msasa unaanza kuburuta vipande vyake wenyewe na unajitengenezea mikwaruzo mipya.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: wana haraka ya kuhamia namba laini. Sehemu kubwa ya muda wako iishie kwenye namba ya kwanza. Hiyo ndiyo inayoondoa mkwaruzo. Namba zinazofuata kazi yake ni kufuta alama za ile iliyotangulia, basi. Mkwaruzo uliobaki kwenye 400 hautatoka kwenye 1000, utazidi kujitokeza tu kwa sababu mazingira yake yamekuwa laini.

Ukibadilisha namba, badilisha na mwelekeo. Kama 400 uliipitisha toka mgongoni kwenda kwenye makali, 600 ipitishe toka shinani, karibu na mpini, kwenda nchani. Mistari ya zamani inabaki imekatisha ya mpya, unaiona waziwazi, na ikitoweka yote unajua umemaliza. Msiruke namba ovyo: 320, 400, 600, 800 ni ngazi nzuri. Kutoka 320 kurukia 1000 ni kujitafutia jasho la bure.

Mpito wa mwisho ndio sura yenyewe, na una masharti yake. Msasa mpya. Mwelekeo mmoja, kwenda tu, hakuna kwenda na kurudi. Ukirudi, mwisho wa kila mstari unajikunja kama ndoano na macho yanaziona ndoano hizo kabla hayajaona kitu kingine. Kama mistari ya kisu chako inakwenda na urefu, vuta toka shinani hadi nje ya ncha, nyanyua, anza tena shinani; kama inashuka, vuta toka mgongoni hadi nje ya makali vivyo hivyo. Mwelekeo wa kiwandani utauona karibu na mpini, sehemu ambayo haikuchakaa. Visu vingi vya dukani mistari yake inashuka kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Vingine inakwenda na urefu. Fuata uliyoikuta.

Ukiishia 400 au 600 unapata ule mng'ao wa kimyakimya wa kisu kipya. 800 hadi 1000 kinapendeza zaidi, lakini kitaonyesha mkwaruzo wa kwanza siku hiyo hiyo. Anayetaka kioo aende hadi 2000 kisha apake dawa ya kung'arishia. Mimi simkatazi. Namwambia tu kwamba atarudi.

Kama kisu kina nembo iliyochorwa bapani na unaipenda, ifunike au usiguse upande huo. Nembo nyingi ziko juujuu, msasa unazilamba.

Maswali karibuni.

---

Dagaa Mkavu

Kaka uzi mzuri, nimeusoma wote na leo sijafungua hata jiko. Mimi ni mama lishe huku Ujiji. Visu vyangu havina mikwaruzo tu, vina na vidoa vyeusi vidogo kama vitobo. Nimezoea kusugua kwa ndimu na chumvi, doa linatoka, likikaa kidogo linarudi. Na kilichoandikwa stenlesi nacho kinashika kutu, sasa stenlesi gani hiyo?

---

Mwisho wa Reli

Dada yangu, ahsante, ila wateja usiwalaze njaa kwa ajili yangu.

Stenlesi si kwamba haiwezi kushika kutu, inachelewa tu. Ndani yake kuna kromiamu, kuanzia asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa inatengeneza utando mwembamba usioonekana unaokinga chuma, na ukikwaruzwa unajirudishia wenyewe ilimradi pale pawe safi. Ukikuta bapani pameandikwa X50CrMoV15, basi kaboni ni kama asilimia 0.5 na kromiamu kama 15. Kisu kinahitaji kaboni ili kishike makali, na kaboni nayo inajichukulia kromiamu kiasi, ndiyo maana kijiko chako hakioti kutu na kisu kinaota, hata vyote vikiwa vya stenlesi.

Adui mkubwa wa utando ule ni chumvi. Ndimu peke yake inasaidia kutoa kutu. Lakini ukichanganya na chumvi ukakiacha kisu kimelowa, chumvi inatoboa utando sehemu ndogondogo na pale inachimba kwenda chini. Hivyo vitobo vyako ndivyo vinavyozaliwa. Wewe unafanya kazi ya samaki, chumvi ya Uvinza iko mkononi kutwa, kisu kinawekwa pembeni kimelowa maji ya samaki wa chumvi hadi jioni. Ndimu tumia, dakika chache tu, suuza kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa. Kukausha ni kwa kitambaa, si kukiegesha.

Vitobo vilivyopo usivifukuze vyote. Kufuta kitobo maana yake ni kushusha bapa zima hadi chini ya kitobo, na karibu na makali chuma chenyewe ni chembamba, pengine hakifiki nusu milimita. Vya juujuu vitoke, vya ndani vibaki. Visafishe tu visije vikahifadhi mabaki ya samaki.

---

Fundi Rangi

Mleta uzi unawatesa watu bure. Mimi napaka magari. Kisu kama hicho naweka grinda na disiki ya msasa, halafu bafa na kampaundi, kinatoka unajiona nywele. Ngazi ngazi za nini?

---

Mwisho wa Reli

Mkuu, kampaundi yako naiheshimu, na msasa wenyewe tumeuazima kwenu. Ila bodi ya gari haina makali.

Kwanza joto. Visu vya jikoni baada ya kuchovywa, yaani kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili viwe vigumu, hupashwa tena moto kwa kiasi, vingi karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, ili visikatike kama chupa. Grinda inapita hapo ndani ya sekunde, hasa nchani na kwenye makali ambako chuma ni chembamba. Ukiona rangi ya njano inageuka zambarau kisha buluu, umeshakaribia au kupita nyuzi 300 pale. Ugumu umeondoka na haurudi kwa kupolishi. Mteja atakupongeza leo, wiki ijayo atakuambia kisu hakishiki makali tena.

Pili bafa. Gurudumu la kitambaa likidaka makali au ncha, linakurushia kisu, na wewe umesimama mbele yake. Wenye uzoefu wanajua wasimame wapi na washike vipi. Msomaji wa uzi huu aliyeazima bafa ya jirani hajui.

Kampaundi kwa mkono, juu ya kitambaa, baada ya msasa wa 2000, hapo tuko pamoja kabisa.

---

Fundi Rangi

Hapo kwenye buluu nimekuelewa. Ndiyo maana mashemeji wamenisusa 😂

---

Asali Mbichi

Mwangaluka wakuu. Nipo Tabora, nafuatilia kwa sababu mbili.

Moja, watu wanasema ukitaka kujua stenlesi uweke sumaku, ikinasa si stenlesi. Visu vyangu vyote vinanasa. Nimepigwa?

Mbili, nina kisu cha marehemu bibi, kilifuliwa na mhunzi kutoka springi ya gari, mpini wa mninga. Bapa ni jeusi lenye rangirangi. Nikipige msasa kirudi cheupe?

---

Mwisho wa Reli

Mkuu hujapigwa. Kipimo cha sumaku kinafaa kwenye sufuria na masinki, yale yenye nikeli ya kutosha, hayanasi. Stenlesi inayoweza kuchovywa ikawa ngumu na kushika makali inanasa sumaku. Kisu cha stenlesi ambacho hakinasi kabisa ndicho cha kukitilia shaka. Kipimo bora ni kukata ndimu: acha maji yake bapani kwa muda. Chuma cha kaboni, yaani kile kisicho stenlesi, kitageuka kijivu au cheusi palepale pa ndimu, stenlesi haitabadilika.

Kisu cha bibi usikiguse kwa msasa. Weusi ule ni kutu ya aina nyingine, iliyoshikamana na chuma, na inakikinga dhidi ya ile nyekundu. Umechukua miaka kujijenga kwa vitunguu, nyama na maembe. Ukikipiga kikawa cheupe, mvua moja ya masika na kimekuwa chekundu. Kama kuna kutu nyekundu mahali, ifute pale tu, kwa mafuta kidogo na msasa mlaini wa 1000 uliochakaa, halafu uache.

Msasa wako upeleke kwenye mpini. Na hapo wewe ndiye wa kutufundisha, maana nta iko kwenu.

---

Asali Mbichi

Hahaa, sawa. Sisi nta tunafanya hivi. Mpini unapigwa msasa kufuata nyuzi za mti, 220 kisha 400, unapanguswa vumbi. Mninga hauna makuu, unang'aa wenyewe. Nta inayeyushwa ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji moto. Msiiweke moja kwa moja juu ya mkaa. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, haihitaji moto wa kuchomea mahindi, na ikizidi inaweza kushika moto. Tunachanganya na mafuta ya kitani kama yapo, ya yale yanayokauka. Unapaka vuguvugu, unaacha inywe, unasugua kwa kitambaa kikavu. Unaacha siku chache kabla ya kutumia.

Mtu asitumie mafuta ya kupikia. Yanachacha, mpini unanata na kunuka.

---

Mwisho wa Reli

Naongezea hapo kwa ndugu zangu wa Kigoma: na mawese ni hivyo hivyo. Najua mnayapaka kwenye kila kitu. Kwenye mpini au bapa la kuhifadhi yatachacha.

Nta hiyo hiyo ukiipaka nyembamba kwenye bapa la kisu cha kaboni inazuia kutu msimu wa mvua. Kwa hiyo mkuu wa Tabora kopo moja linakutosha kwa vyote viwili.

---

Mgeni Hapa

Wakuu mimi sina msasa wala muda. Dawa ya meno na majivu vinafanya kazi au ni hadithi? Na hii Brasso ya kusafishia shaba?

---

Mwisho wa Reli

Vyote vinafanya kazi, ila si kazi unayofikiria. Dawa ya meno ina unga mlaini wa kusugua, umetengenezwa usimalize meno, sembuse chuma. Inatoa madoa ya chai na ya ndizi. Mkwaruzo unaoonwa na ukucha haitaugusa. Majivu nayo yanatoa madoa na mafuta, lakini yachekeche kwa kitambaa, maana majivu ya kuni za chini yanakuja na mchanga na umerudi kule kule ufukweni.

Brasso ina unga wa kung'arishia pia. Inafaa kwa mikwaruzo ya nywele, au kumalizia baada ya msasa wa 2000. Ina amonia, kwa hiyo kisu kioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara mbili kabla hakijagusa chakula. Na ipitishe kufuata mistari ya kisu. Watu wanazungusha mkono duara kama wanapaka rangi ya viatu, wanaacha maduara.

---

Dagaa Mkavu

Kaka narudi. Nimefanya kimoja jana usiku, 400, 600, nikaishia hapo. Sikuamini. Ila sasa hakikati kabisa, hata nyanya kinaikimbiza.

---

Mwisho wa Reli

Ni kawaida dada. Hata ukiwa na utepe, msasa unagusagusa makali. Kunoa huja mwisho, baada ya bapa, kamwe si kabla. Toa utepe, futa gundi kwa mafuta kidogo, osha. Kwenye kinoo kisimamishe kisu nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kama huna cha kupimia, nyanyua mgongo kidogo tu, usizidi unene wa kidole chako kidogo kwa kisu cha upana wa vidole vitatu. Ukikilaza zaidi ya hapo, kinoo kitakwangua bapa ulilolihangaikia usiku kucha. Kama mkono bado hauna uhakika, rudishia utepe juu ya bapa, uache milimita chache za makali wazi, ndipo unoe. Kinoo kikigusa utepe utasikia.

---

Mgeni Hapa

Swali la mwisho. Nina seti ya visu vyenye rangi nyeusi na vingine vya pinki, rangi imekwaruzika. Na shemeji ana kimoja chenye mawimbi mawimbi bapani, anasema damaski.

---

Mwisho wa Reli

Vya rangi: usivipige msasa. Ile ni rangi iliyopakwa juu, hairudishwi kwa mkono. Ukipiga msasa sehemu moja utapata kisu chenye mabaka, na vumbi la rangi hiyo si la kuvuta wala kula. Kama inabanduka vipandevipande kwenye chakula, kistaafishe. Kama imekwaruzika tu, noa makali uendelee nacho.

Damaski ni habari nyingine. Mawimbi yale kwenye damaski ya kweli yanatokana na aina mbili au zaidi za chuma zilizounganishwa na kukunjwa, kisha zikachovywa kwenye asidi ili moja iwe nyeusi na nyingine ibaki nyeupe. Msasa ukipita, mawimbi yanafifia au yanapotea, na kuyarudisha kunataka kusawazisha bapa lote na kulichovya upya, mara nyingi kwenye kloraidi ya feri. Hiyo si kazi ya mezani kwa shemeji. Na kuna vya bei rahisi ambavyo mawimbi yamechapwa juu tu. Hivyo ukisugua mara mbili umebaki na kisu cha kawaida. Atazame mgongoni mwa kisu kwa makini: mawimbi ya kweli hayaishii bapani, yanaendelea hadi mgongoni. Yaliyochapwa yanakata ghafla kwenye kona.

Mwenye kisu asichojua aanze wapi atupie picha hapa. Apige mchana karibu na dirisha, kisu kikiwa kimeinama kidogo. Msipige kwa flashi, inafuta mistari yote na siwezi kusoma kitu.